Shamba likizungukwa na nyumba, nani kamfuata mwenzake?

Kesi zinazofika ofisi za serikali ya mtaa huko Chanika, Goba, Msumi au Kibada huwa ndogo ukizisikiliza. Mbuzi kaingia uani kala maua. Banda la kuku linanuka mpaka sebuleni. Maji ya mvua kutoka kwenye bati la jirani yamekata matuta ya matembele. Mwenyekiti anawasikiliza, anamwambia huyu afunge mbuzi wake na yule achimbe mtaro, wanapeana mikono. Masika yakiingia wamerudi tena benchini.

Wanarudi kwa sababu ugomvi haukuanza na mbuzi. Ulianza pale shamba lilipokatwa vipande bila mtu kupanga njia ya maji, ya gari, wala ya mbuzi mwenyewe. Na nyuma zaidi ya hapo kuna jambo la kisheria ambalo wengi wanaoishi pembezoni mwa Dar es Salaam hawajalisikia: siku eneo lao lilipotangazwa kuwa mji, mkulima alianza kuhesabiwa kama mtu wa kupita ingawa jembe bado liko mkononi. Mimi naona hapo ndipo penye kiini. Jirani mpya mwenye nyumba ya vigae analaumiwa kwa mambo mengi ambayo hakuyafanya.

Mji uliowaambia watu wake walime

Sensa ya 2012 iliikuta Dar es Salaam na watu milioni 4.36. Ya 2022 ikawakuta milioni 5.38. Hao milioni moja wa ziada hawakuingia Upanga wala Kariakoo. Walikwenda kwenye mashamba.

Lakini hayo mashamba yalikuwa ya nani? Tukisema "mkulima" tunamchanganya mtu mmoja na mwingine. Yuko mwenyeji, mara nyingi Mzaramo au Mndengereko, mwenye mikorosho, minazi na miembe ya babu, ambaye ardhi yake haikuwahi kuandikwa popote lakini kila mtu anajua mpaka wake ni ule msitari wa minyaa. Yuko mtumishi wa serikali aliyepata ekari zake Mbezi au Tegeta zamani, akafuga ng'ombe wawili na kuku mia. Na yuko kijana wa bondeni anayelima mchicha kwenye ardhi isiyo yake, kando ya mto au chini ya nyaya za umeme mkubwa. Hawa watatu wana haki tofauti kabisa mbele ya sheria, na nyumba zinapowafikia kila mmoja anaumia kwa namna yake.

Wa pili hakuwa mkaidi wa mipango miji. Serikali yenyewe ndiyo iliyomtuma. Mwaka 1972 TANU ilitoa tamko la Iringa, Siasa ni Kilimo. Ukame wa 1974 ulipobana ikaja Kilimo cha Kufa na Kupona, na watu wa mjini wakahimizwa kulima kila palipo wazi. Miaka ya 1980 mshahara ulipokuwa hauvuki katikati ya mwezi, banda la kuku nyuma ya nyumba ndilo lililosomesha watoto wengi ambao leo ni mameneja. Mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi, wasio na ajira wakakusanywa mjini na kupelekwa kulima.

Gezaulole, kusini mwa Kigamboni, inaonyesha mzunguko huo wote. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa kijiji cha ujamaa, watu wakahamishiwa pale kulima. Miaka thelathini baadaye jina hilohilo likatokea kwenye orodha ya maeneo ya Mradi wa Viwanja 20,000. Mtu aliyepelekwa pale na serikali akiwa kijana ili awe mkulima, ameambiwa uzeeni na serikali hiyohiyo kwamba shamba linatakiwa kwa makazi.

Hesabu ya ekari

Watu huuliza: kama wanalipenda shamba, mbona wanauza? Twende hatua kwa hatua, maana ndivyo linavyopimwa. Ekari ya mtaani ni hatua 70 kwa 70. Dalali anatembea, mwenye shamba anatembea nyuma yake kuhakikisha hatua si fupi, mjumbe anahesabu kwa sauti. Ikikamilika ni takriban mita za mraba 4,000. Kiwanja kinachopendwa ni cha mita 20 kwa 20, yaani mita za mraba 400. Kwa karatasi ekari inatoa viwanja kumi. Ukiacha njia ya gari inayoeleweka vinabaki saba au vinane.

Hapo sasa. Mwenye ekari anapouza ekari nzima analipwa bei ya shamba. Anayenunua na kuikata anauza kwa bei ya kiwanja, na tofauti kati ya bei hizo mbili haikutoka kwenye jasho la mtu yeyote. Imetoka kwenye kamba na vigingi vinne. Mkulima akishaona jirani yake kauza ekari, na mwezi ujao kila kipande kimeuzwa kwa fedha inayokaribia ile ya ekari nzima, haitaji kuelezwa uchumi. Anaanza kukata mwenyewe, kipande kimoja cha juu kando ya barabara, kwa ajili ya ada au matibabu. Kisha kingine.

Kila anayekata anajiuliza: njia ya nini, wakati njia hailipiwi na mtu? Basi inaachwa ya miguu, au ya bajaji. Shamba lililobaki nyuma linafungiwa ndani kama kisiwa; trekta halifiki, gari la mbolea halifiki, na gari la kunyonya maji taka nalo halitafika kwenye nyumba mpya karo litakapojaa.

Mirathi nayo ina sehemu yake kubwa kuliko wengi wanavyokiri. Mzee akifariki anaacha watoto saba. Mmoja, mara nyingi binti aliyebaki nyumbani, ndiye anayelima mihogo pale. Sita wako mjini na wanataka chao. Arobaini haijapita dalali ameshapiga simu kwa kaka mkubwa. Uamuzi wa kugeuza shamba kuwa makazi unafanyika kwenye mkeka wa msiba, na afisa mipango miji hana habari. Nimeona watu wakiandika makala ndefu kuhusu mabepari wa ardhi bila kumtaja kaka mkubwa hata mara moja.

Siku kijiji kinapokuwa mtaa

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inampa mwanakijiji ulinzi ambao si haba. Ardhi ya kijiji iko chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu una sauti, na mtu anaweza kupata hatimiliki ya kimila. Mgeni hawezi kununua shamba kwa kuelewana na mwenye shamba peke yake. Kijiji kinapaswa kuridhia.

Mji ukipanuka, tangazo linatoka kwenye Gazeti la Serikali na kijiji kinakuwa mtaa. Kwa macho hakuna kilichobadilika: mwenyekiti ni yuleyule, ofisi ni ileile, pengine hata muhuri unachelewa kubadilishwa. Lakini serikali ya mtaa haina mamlaka ya kugawa wala kusimamia ardhi. Kazi hiyo imehamia kwa halmashauri ya manispaa na Kamishna wa Ardhi. Mwenyekiti anaendelea kushuhudia mauziano na kugonga muhuri kwa sababu watu wanamwamini na kwa sababu kuna desturi ya ile asilimia kumi ya bei. Mnunuzi anatoka pale akidhani amekamilisha kila kitu, kumbe alichonacho ni ushahidi kwamba fedha zilibadilisha mikono.

Mwenyeji wa asili yeye anapoteza zaidi. Mwaka 1990 Mahakama ya Rufani ilisema kwamba eneo likishatangazwa la mipango miji na viwanja kupimwa, anayekalia ardhi kwa mila anapaswa kufanya haraka kuomba haki ya kumiliki kiserikali. Akilala, kiwanja akapewa mwingine, yeye anakuwa mvamizi kisheria na anabaki na haki ya kulipwa maendelezo tu, yaani alichojenga au kupanda. Mvamizi, kwenye shamba alilozikwa babu yake! Sheria za 1999 zimeitambua zaidi haki ya kimila, lakini shinikizo la kuwahi kwenda kupimiwa liko palepale, na kupima kunataka fedha.

Fidia nayo ilikuwa na historia yake. Kabla ya 1999 ardhi tupu haikuwa na thamani ya kulipwa. Kilicholipwa ni kilicho juu yake, mikorosho, kisima, kibanda. Ndiyo maana mpaka leo mthamini akisikika anakuja, miche inapandwa usiku. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya 1999, ilivunja fikra hiyo: ardhi yenyewe ina thamani, na fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Kanuni za 2001 zikaongeza posho ya usumbufu, usafiri, na hasara ya faida au makazi.

Zikajaribiwa mapema. Mradi wa Viwanja 20,000 ulianza 2002 na kuingia Bunju, Mbweni, Mivumoni, Mwanagati, Buyuni, Tuangoma, Kibada na kwingineko. Ulitoa kitu ambacho Dar ilikuwa imekikosa kwa miaka, viwanja vilivyopimwa vyenye barabara. Lakini utaratibu wake ulikuwa na shimo lililoonekana tangu siku ya kwanza: shamba lilithaminiwa kama shamba na kiwanja kikauzwa kama kiwanja. Mkulima wa mihogo aliyelipwa fidia hakuweza kirahisi kununua kiwanja palepale alipotolewa. Akaenda mbele, akanunua shamba lingine, na mji ukamfuata tena.

Na kuna kulipwa, na kuna kungoja kulipwa. Kigamboni ilitangaziwa mji mpya mwaka 2008, maendelezo mapya yakazuiwa, na watu wakakaa miaka bila kujua kama wapande mnazi au wasipande. Mnazi unahitaji miaka kadhaa kuzaa. Nani apande mnazi kwenye ardhi iliyochorwa barabara? Mpango ule mkubwa haukutekelezwa. Sheria ya uthamini ya 2016 imejaribu kuziba mwanya: uthamini unakufa baada ya miaka miwili, na fidia isiyolipwa ndani ya miezi sita inadaiwa riba.

Maji, harufu, na kile kinachofika ofisini

Turudi kwenye zile kesi ndogo, maana zina hesabu zake pia.

Chukua nyumba ya kawaida yenye bati la mita 10 kwa 12. Mvua moja kubwa ya masika ya milimita 50 inamwaga juu ya bati hilo lita 6,000. Zamani maji hayo yalianguka kwenye mchanga chini ya mkorosho na kuzama. Sasa yanashuka kwenye ua uliomwagiwa zege, yanatoka chini ya geti, yanakutana na ya nyumba nyingine saba za ekari hiyohiyo. Lita 48,000 zinatafuta bonde kwa wakati mmoja, na njia pekee ambayo haijajengewa ukuta ni shamba la mtu. Matuta yanakatika, mbegu inaondoka, korongo linaanza. Mwenye nyumba anaapa hajafanya kosa, na kwa kweli hajafanya. Kila mmoja amejenga ndani ya mipaka yake. Aliyepaswa kuacha mfereji ni aliyeikata ekari, na huyo alishaondoka na fedha zake.

Kuku ni habari nyingine, hapo mkulima naye ana la kujibu. Banda halinuki kwa sababu kuku wapo. Linanuka kwa sababu maranda yameloa, pengine vinyweshea vinavuja au paa limeinamia upande mbaya, na kinyesi kibichi kinatoa amonia. Banda kavu linalogeuzwa maranda mara kwa mara linaweza kukaa karibu na nyumba bila vita. Mfugaji aliyezoea kuwa jirani yake wa karibu ni mnazi hakuwahi kulazimika kufikiria hilo.

Kanuni za kilimo cha mjini za mwaka 1992 ziliweka mipaka: kilimo kisizidi ekari tatu, ng'ombe wasizidi wanne na wafungiwe ndani. Kwa mkulima aliyejikuta mjini bila kuhama, maana yake ni kwamba ng'ombe wake wa tano alikuwa halali jana na leo si halali. Baadhi ya halmashauri zikaongeza sheria ndogo za kukataza mazao marefu kama mahindi karibu na nyumba. Na Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa bwana afya nguvu ya kushughulikia kero bila kuuliza nani alitangulia.

Swali hilo la nani alitangulia limewahi kuitoa jasho mahakama ya mbali. Jimbo la Arizona, Marekani, kampuni ya Del E. Webb ilijenga mji wa wastaafu, Sun City, ikausogeza mpaka karibu na zizi kubwa la kunenepeshea ng'ombe la kampuni ya Spur. Nzi na harufu vikawashinda wazee, kesi ikaenda mahakamani. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ya jimbo hilo iliamuru zizi lihame, kwa sababu afya ya watu wengi ilikuwa hatarini. Kisha ikamgeukia mjenzi: wewe ndiye uliyewaleta watu hapa ukijua ng'ombe wapo, basi gharama za kuhama utazilipa wewe. Baadaye majimbo yote 50 ya nchi hiyo yakawa na sheria za kumkinga mkulima dhidi ya kushitakiwa na jirani aliyemkuta, ingawa wako wanaolalamika kwamba zinawakinga zaidi wafugaji wakubwa kuliko wadogo.

Kwetu hakuna sheria ya namna hiyo. Sioni pia kama kuinakili kungetusaidia sana, kwa sababu ile hukumu ilikuwa na mjenzi mmoja wa kumbebesha gharama. Chanika nani atabebeshwa? Wanunuzi themanini wa viwanja themanini, kila mmoja na karatasi yake ya mauziano?

Wa bondeni

Yule kijana wa mchicha hana hata mlango wa kuingilia kwenye mjadala huu. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Bonde la Msimbazi lilipolisha mji mchicha kwa miongo kadhaa, lilifanya hivyo likiwa nje ya ruhusa, na maji yake yanapita kwenye viwanda na mifereji ya maji taka kabla ya kufika kwenye ndoo ya kumwagilia. Hoja ya afya hapo si ya kupuuzwa. Ila ikumbukwe kwamba taka zile hazikuletwa na mchicha. Mji ndio uliozimwaga kisha ukamwambia mlimaji kwamba mboga zake ni chafu.

Kenya wamefunga mlango, dirisha likabaki wazi

Kiambu, pembeni mwa Nairobi, wana kitu ambacho sisi hatuna. Sheria yao ya udhibiti wa ardhi ya kilimo, ya mwaka 1967, inataka kila mauziano au mgawanyo wa shamba upate kibali cha bodi ya eneo. Bila kibali mauziano ni batili. Ungedhani kahawa ya Kiambu ingekuwa salama. Lakini mkataba wa kimataifa wa kahawa ulivunjika 1989 na bei ikaanguka, na Barabara Kuu ya Thika ilipokamilika 2012 shamba la Ruiru au Juja likawa karibu na mji. Viwanja vya futi 50 kwa 100 vikaota palipokuwa na mibuni. Bodi inaweza kukataa kibali, haiwezi kupandisha bei ya kahawa.

Kwa hiyo kuzuia kuuza peke yake hakutoshi. Sera yetu ya Maendeleo ya Makazi ya mwaka 2000 ilikuwa na wazo zuri zaidi: serikali itenge ndani ya mji maeneo ambayo mtu atakuwa na haki ya kisheria ya kulima. Si kumvumilia mkulima mpaka mjenzi apatikane, bali kumchora kwenye ramani. Wazo hilo lina miaka zaidi ya ishirini na bado kulikuta kwenye mchoro wa mtaa ni bahati.

Lipo pia jambo ambalo halingoji sera. Wenye mashamba yanayopakana wanaweza kuungana na kupimisha kwa pamoja kabla mtu wa kwanza hajauza kipande. Kampuni za upimaji hukubali kulipwa kwa sehemu ya viwanja badala ya fedha taslimu. Wakipima pamoja wanaacha barabara moja ya maana, mfereji unapita panapostahili, na anayetaka kubaki na ekari yake ya mihogo anaipata ikiwa na njia na hati. Kinachohitajika ni kuaminiana, nacho kwenye ardhi ni adimu, hasa kaka mkubwa akiwa ameshachukua malipo ya awali kwa siri. Muda wa kufanya hivyo ni wakati bado ni kijiji. Mkuranga, Kisarawe na Kibaha bado wana vijiji, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 inawapa nafasi ya kupanga wapi ni shamba na wapi ni makazi kabla dalali hajaanza kuhesabu hatua.

Mgogoro ukishafika, njia ni ile inayojulikana, ila imebadilika: tangu 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, haliamui tena. Suluhu ikishindikana ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko mtu anakwenda na nauli, vielelezo na subira.

Na wewe unayetafuta kiwanja, umeshauliza kama kina hati, umeshauliza mpaka. Ukiwa hapohapo halmashauri, omba waangalie kwenye mchoro wa mipango miji lile shamba la jirani limeandikwa nini. Mara nyingi utaambiwa ni makazi, ingawa mzee anakamua ng'ombe pale kila alfajiri. Basi nenda kamsalimie, umuulize ana mpango wa kubaki mpaka lini na maji yake yanapita wapi, kabla hujaamua chumba cha kulala kikae upande gani.